Waigizaji Wenye Sugu Vidoleni

(Mazungumzo na wanafunzi wa uigizaji na muziki, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyeji wetu, walimu, wasanii wenzangu, na nyie vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mkichoka mtoke bila kuonekana: habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie waigizaji wa filamu wanaopiga gitaa na kurekodi muziki. Nilipopigiwa simu nilicheka, nikamwambia aliyenipigia kwamba mimi ni mpiga rithim tu. Kwa wasiozijua bendi za dansi: kuna gitaa la solo, kuna sekondi solo, kuna besi, na kuna rithim. Mpiga solo anajulikana mpaka na wauza karanga wa nje ya ukumbi. Mpiga rithim akiumwa, watu wanasema leo muziki umepwaya, ila hawajui kwa nini. Nafasi hiyo nimeikalia zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo mtaniwia radhi, jambo hili nitalitazama kutokea pale ninaposimama, pembeni kidogo, jirani na drams.

Nianze na kisa. Zamani kidogo bendi yetu ilikuwa inapiga picha za video. Mpiga picha akanitazama, akatazama kamera yake, akanitazama tena, akasema: "Mzee, samahani, gitaa lako tumpe huyu kijana." Kijana mzuri kweli, ana meno, ana mabega. Akalivaa gitaa langu. Waya haukuchomekwa popote. Wimbo ule una dakika sita na una kodi nne (kodi ya muziki, siyo ile ya serikali), naye akashika kodi moja tu, G, tangu mwanzo mpaka mwisho huku anatabasamu. Video ilipotoka, shemeji yangu akaniambia, "Yule mpiga gitaa wenu mpya, mkali sana!"

Tangu siku hiyo nikiangalia filamu yenye gitaa, siangalii uso wa mtu. Naangalia mkono wa kushoto.

Na niwaambie, Hollywood wenyewe wana kijana wao wa kushika G, isipokuwa wao wanamfundisha vizuri zaidi. Mwaka 1986 ilitoka filamu inaitwa Crossroads, inamhusu kijana anayetafuta siri za blues kule kusini mwa Marekani. Mhusika mkuu ni Ralph Macchio, yule wa filamu za karate. Mwishoni kuna shindano la magitaa ambalo wapiga gitaa wa dunia nzima wanalijua kwa moyo. Macchio alifundishwa na Arlen Roth mahali pa kuweka vidole, na alijitahidi, mkono unakwenda panapostahili. Lakini kwenye lile pambano la mwisho, kipande cha ushindi unachokisikia kwake na sauti ya mpinzani wake vyote ni vya mtu mmoja, Steve Vai, ambaye ndiye huyo mpinzani. Yaani jamaa alishindana na nafsi yake na akashindwa!

Sean Penn naye mwaka 1999 aliigiza mpiga gitaa wa jazi katika Sweet and Lowdown, akateuliwa kugombea Oscar. Vidole tunavyovisikia ni vya Howard Alden, aliyempiga msasa kwa mazoezi. Silaumu. Uigizaji ni kazi ya kuaminisha, na Penn aliniaminisha. Ila Penn hajawahi kujiita mpiga gitaa, na sisi tuliokuja hapa leo tunawatafuta wale waliokwenda mbele zaidi, waliochomeka waya.

Kati ya hao, ninayempenda kuliko wote ni Jeff Bridges. Naomba tukae kwake kidogo, haraka sina.

Bridges ni mtoto wa mjini Los Angeles, alizaliwa 1949 katika nyumba ya uigizaji. Baba yake Lloyd alikuwa mwigizaji, kaka yake Beau ni mwigizaji. Mwaka 1989 yeye na Beau waliigiza ndugu wawili wapiga piano wa mahotelini, katika The Fabulous Baker Boys. Piano ya Jeff tunayoisikia mle ni ya Dave Grusin. Basi hata yeye amewahi kuwa yule kijana wangu wa G, akiwa kwenye piano. Lakini gitaa lilikuwa lake tangu ujanani, na nyimbo alikuwa anatunga. Wimbo wake mmoja uliingia kwenye filamu mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka ishirini hivi.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyopikwa taratibu. Mwaka 1979 Bridges alikwenda Montana kuigiza katika Heaven's Gate. Nyota wa filamu ile alikuwa Kris Kristofferson, ambaye yeye alitoka kwenye muziki akaingia kwenye filamu, njia ya kinyume. Na Kristofferson hakwenda peke yake, alikwenda na wanamuziki wenzake. Alikuwemo Stephen Bruton, mpiga gitaa wake wa miaka mingi. Alikuwemo T Bone Burnett. Filamu ile ilichukua miezi na miezi, na mnajua maisha ya kupiga filamu: unaamshwa alfajiri, unavalishwa, halafu unasubiri jua mpaka linazama. Usiku watu wanatoa magitaa. Bridges akawa anakaa nao. Filamu ilipotoka ilianguka vibaya sana kibiashara, ila vile vikao vya usiku havikuanguka.

Miaka thelathini baadaye akaletewa mswada wa Crazy Heart, habari ya mwimbaji mzee wa kantri, mlevi, anayezunguka na gari lake bovu akipiga kwenye kumbi za kuchezea bowling. Bridges aliukataa. Sababu yake wapiga muziki mtaielewa: mswada ulikuwa mzuri, lakini nyimbo hazikuwemo, na filamu ya mwimbaji bila nyimbo ni pilau bila mchele. Aliposikia T Bone Burnett yumo, akakubali. Burnett akamwita Bruton, wakatunga pamoja na wengine. Bruton alikuwa anaumwa saratani, hata hivyo alikuwa akifika kwenye upigaji picha kumwonyesha Bridges vitu ambavyo hakuna mwalimu wa uigizaji anayevijua: mtu aliyepiga usiku elfu moja analiokotaje gitaa, analiwekaje chini, anamtazamaje mpiga drams wa kuokoteza ambaye wamekutana naye saa moja iliyopita. Picha zilipigwa kwa siku 24 tu. Bruton alifariki Mei 2009, kabla filamu haijatoka, na wakaitoa kwa kumbukumbu yake. Machi 2010 Bridges akapokea Oscar ya mwigizaji bora.

Mimi nimeiangalia ile filamu mara nyingi kuliko ninavyoweza kumwambia mke wangu. Kuna mahali Bad Blake, ndilo jina la mhusika, anafika kwenye ukumbi na kukuta bendi asiyoijua. Hawasalimiani sana. Anasema wimbo, anasema ufunguo, wanaanza. Macho yake yanatafuta yule mpiga drams kwa nusu sekunde, kisha yanatulia. Hiyo nusu sekunde mimi naijua. Ndiyo mshahara wetu.

Baada ya Oscar angeweza kurudi nyumbani. Badala yake mwaka 2011 akatoa albamu chini ya lebo ya Blue Note, Burnett akiisimamia, akaunda bendi inayoitwa The Abiders, wakazunguka. Na ile haikuwa albamu ya kwanza, alishatoa nyingine mwaka 2000 ambayo watu wengi hawakuiona. Sauti yake si ya maajabu, nikiri. Ni sauti ya mzee anayezungumza barazani. Lakini haikimbii mbele ya bendi.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, na kwangu mimi huo ndio mzani. Mwigizaji mwenye jina akipanda jukwaani na gitaa, sisumbuki sana na ubora wa wimbo wake. Natazama: amesimama wapi? Maana mtu huyu amezoea kamera imfuate. Taa ni zake, jina lake ndilo la kwanza kwenye bango. Bendi inamwomba kitu ambacho kazi yake ya kila siku haimwombi kamwe, kwamba wimbo ukiwa wa mwingine, yeye apungue.

Mchukueni Keanu Reeves. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa tayari anajulikana, alimwona mtu dukani amevaa jezi ya timu ya hoki. Reeves amekulia Kanada, hoki ni kama Simba na Yanga kwake, akamsemesha. Mtu yule, Robert Mailhouse, alikuwa mwigizaji pia, na alikuwa mpiga drams. Wakaanza kupiga kwenye gereji. Ikawa bendi, Dogstar, na Bret Domrose akaingia kwenye gitaa na sauti. Reeves alichagua besi. Fikirieni: mtu ambaye uso wake unauza tiketi duniani kote, katika bendi ya watu watatu, anachagua chombo ambacho nusu ya ukumbi hawajui kinatoa mlio gani, na kuimba anamwachia mwingine.

Wasichana walijaa kumwangalia, hilo halikuepukika. Domrose anaimba katikati, macho yote yako kwa mtu wa besi. Mpiga solo gani wa hapa kwetu angevumilia wiki mbili?

Lakini tusidanganyane. Jina lilimfungulia milango ambayo mpiga besi mwingine angeigonga mpaka vidole vichubuke. Dogstar walimtangulia jukwaani mwimbaji David Bowie, walizunguka na bendi ya Bon Jovi kule Australia na New Zealand. Mwaka 1999, mwaka uleule wa filamu yake The Matrix, walipiga Glastonbury, tamasha kubwa la Uingereza, na baadhi ya watazamaji wakawatupia matunda. Nilipoisoma habari hiyo sikujua nicheke au nisikitike. Najua wapiga besi wa Sinza na Magomeni ambao wangemfundisha Reeves kazi, na hakuna atakayewaita Glastonbury hata kutupiwa chungwa. Hilo ni kweli na sina dawa yake. Hata hivyo, yeye aliyetupiwa chungwa alimaliza nyimbo zake. Bendi ilisimama mwaka 2002. Wengi tukadhani ilikuwa starehe ya ujana. Mwaka 2023, Reeves akikaribia umri wa miaka 60, wale wale watatu wakarudi jukwaani, wakatoa albamu mpya. Besi ni yake bado, na anayeimba ni Domrose bado.

Gary Sinise ni besi vilevile. Ni yule Luteni Dan aliyekatwa miguu katika Forrest Gump ya 1994. Yeye na mpiga gitaa Kimo Williams, askari wa zamani wa Vietnam, walianzisha bendi wakaiita jina la mhusika huyo, Lt. Dan Band, na imewapigia wanajeshi wa Marekani na familia zao kwa miaka mingi. Nyimbo nyingi ni za kopi. Wasomi wa muziki wanaweza kukunja pua. Sisi tuliolishwa na kopi kwenye harusi tunanyamaza kwa heshima.

Na Kevin Bacon? Watu humcheka kwamba bendi yake inaitwa The Bacon Brothers. Kaka yake Michael amemzidi miaka tisa, ni mtunzi aliyesomea, anapiga selo, na muziki wa filamu za kumbukumbu ndio unaomlisha. Walianza rasmi mwaka 1995, na albamu ya kwanza ilitoka 1997, jina lake Forosoco, yaani foku, roki, soul na kantri zimekatwa vichwa na kuunganishwa. Katika familia ile ya Philadelphia mdogo ndiye maarufu, mkubwa ndiye fundi. Wamedumu karibu miaka thelathini. Wenye kaka zao humu ndani wanaelewa ni kazi kiasi gani.

Kuhusu Johnny Depp mtanisamehe, kesi zake za mahakamani sizigusi, waliozifuatilia kwenye simu zao wanazijua kuliko mimi. Ninachotaka mjue ni kwamba mtu huyu hakutoka kwenye filamu akaenda kwenye gitaa. Mama yake alimnunulia gitaa la dola 25 akiwa na miaka kumi na miwili. Aliacha shule kwa ajili ya muziki. Alihamia Los Angeles na bendi yake kutoka Florida, bendi ikakosa riziki, akawa anauza kalamu kwa njia ya simu. Nicolas Cage ndiye aliyemshawishi ajaribu kuigiza. Akajaribu ili alipe kodi ya nyumba (hiyo sasa ni kodi ya kweli), na mwaka 1984 akaonekana kwa mara ya kwanza kwenye filamu ya kutisha. Filamu ndiyo iliyokuwa kibarua chake.

Sasa tumtazame alipokuwa anasimama. Mwaka 1997 kwenye wimbo mmoja wa bendi ya Oasis yupo, ameteleza na chupa juu ya nyuzi, slaidi, na usiposoma majina kwenye jalada hutajua kama ni yeye. Mwaka 2015 na bendi ya Hollywood Vampires: mbele anaimba Alice Cooper, solo iko kwa Joe Perry wa Aerosmith. Mwaka 2022 alitoa albamu na Jeff Beck, gwiji wa gitaa wa Uingereza. Hapo mimi na Depp tunaachana kidogo. Kukaa nyuma ya Jeff Beck na kumshikia kodi ni heshima ambayo ningeifuata kwa miguu mpaka London. Kuimba nusu ya albamu wakati vidole vile viko chumba kimoja na wewe, aa, hapo ningenyamaza. Beck alifariki Januari 2023, miezi michache baadaye. Kila nikiisikiliza albamu ile najikuta nasubiri Depp amalize ubeti ili mzee aingie.

Niongeze wawili, kwa sababu wanatuhusu sisi zaidi.

Oscar Isaac, mzaliwa wa Guatemala aliyekulia Miami, aliigiza mwimbaji asiye na bahati wa New York ya 1961, katika Inside Llewyn Davis, filamu ya 2013. Wimbo wa kwanza kabisa unauona wote, na karibu nyimbo zote zilipigwa palepale mbele ya kamera. Gitaa alikuwa anapiga tangu ujanani, lakini ilibidi ajifunze upya mkono wa kulia, mtindo unaoitwa kwa jina la Merle Travis wa Kentucky: dole gumba linatembea peke yake kwenye nyuzi nene kama mtu anayetwanga, na kidole cha shahada kinaimba juu yake. Nilipouona mkono ule nilisimamisha filamu. Nikasema, huyu namjua! Nenda kamsikilize Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akiimba Kiswahili chake cha Kongo. Gumba na shahada, vidole viwili, na ungeapa wako watu wawili. Huyu wa Kentucky na huyu wa Katanga, kila mmoja na maisha yake. Isaac akija hapa kesho, mzee yeyote wa galatoni, lile gitaa kavu la zamani, anaweza kukaa naye chini bila mkalimani.

Wa pili ni wa jirani zetu. Ayub Ogada, mzaliwa wa Mombasa, Mjaluo, alipiga na African Heritage Band ya Nairobi. Filamu kubwa ya Out of Africa ilipokuja kupigwa Kenya, ikatoka mwaka 1985, yumo, kwa jina la Job Seda. Mwaka 1987 yumo tena katika The Kitchen Toto. Huyo ni mtu aliyekwishaonja kamera ya Hollywood. Halafu akafanya nini? Alichukua nyatiti yake, ala ya jadi ya Wajaluo yenye nyuzi nane, akaenda London, akawa anapigia wapita njia kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Huko ndiko walikomsikia, na mwaka 1993 albamu yake ikatoka kwenye lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel. Wimbo wake Kothbiro, maana yake mvua inakuja, ulirudi kwenye sinema mwaka 2005 katika The Constant Gardener, safari hii bila uso wake. Alifariki Februari 2019. Nyatiti si gitaa, najua, msininyooshee vidole. Lakini mtu aliyetoka kusimama karibu na Meryl Streep na Robert Redford akaenda kukaa kwenye ngazi za stesheni ili nyuzi zake zisikike, mnataka nimwache nje kwa sababu ya hesabu ya nyuzi?

Naona mwenyeji wangu anatazama saa. Kuna swali liliandikwa kwenye karatasi kabla sijaanza, nalijibu upesi. Limeuliza: "Mimi ni mwigizaji, nianzeje gitaa wakati sina mwalimu?" Steve Martin, yule mchekeshaji, anapiga banjo, na mwaka 2010 alichukua tuzo ya Grammy ya muziki wa bluegrass. Alipokuwa kijana alijifunza kwa sehemu kubwa peke yake. Alikuwa anachukua santuri ya mizunguko 33, anaiendesha kwa mizunguko 16, muziki unakuwa mzito kama ng'ombe aliyelala, analegeza nyuzi zake mpaka zilingane na mlio huo, kisha anasaka noti mojamoja. Sisi tulifanya hivyohivyo kwa kaseti na penseli ya kurudishia mkanda. Wewe una simu inayopunguza kasi kwa kubonyeza mara moja. Vidole vitauma wiki tatu au nne. Kisha vinaota sugu na habari inakwisha.

Sasa, wewe binti uliyekaa na gitaa mapajani tangu nianze, nimekuona unanyonganyonga funguo kimyakimya. Njoo huku mbele. Hapana, kaa wewe katikati, mimi nitakaa hapa pembeni. Solo ni yako. Waya uko wapi? Chomeka. Haya, nipe E yako ya chini tulinganishe.